Shuka ya Watu Wawili

Shuka ya kitanda kikubwa haikunjwi na mtu mmoja.
Wewe unashika pembe mbili huku, mwenzako mbili kule,
mnavuta, mnaipiga kofi la upepo,
kisha mnakaribiana mpaka vidole vinagusana,
kama watu wanaosalimiana mara mia sita kwa siku.
Hivyo ndivyo nilivyomjua Marivic:
kwa vidole, kabla ya jina.

Alipougua figo
nilifunga pembe mbili kwenye msumari karibu na boila,
nikakunja na ukuta.
Siku ya kwanza nilimwombea.
Siku ya nne nilisema, pole yake.
Siku ya saba, nisiseme uongo,
nilisimama mbele ya marobota ya hoteli tatu,
mgongo unawaka,
nikasema kwa Kigiriama, ili mtu wa Ghala asielewe:
huyu naye anaugua kwa raha zake.

Msimamizi wetu, Bi Zuwena, mamake alizaliwa Unguja.
Kiswahili chake kitamu kuliko changu.
Mwezi wangu wa kwanza aliponiambia "karibu mwanangu"
nilikwenda kulia chooni kwa furaha.
Sasa najua hapana ni hapana
hata ikiungwa kwa tui.
"Nimefanya kazi ya wawili, Bi Zuwena."
"Mashallah, una nguvu."
"Na malipo?"
"Ah, mwanangu. Hayo mambo ya ofisi."
Ofisi iko juu, kwenye kiyoyozi,
na lifti hubeba marobota na mabosi tu.

Mwisho wa mwezi akanipa bahasha nimpelekee mgonjwa.
Gundi ilikuwa imekauka kwa joto la Julai.
Sikuifungua. Ilifunguka.
(Haya, niliisaidia kidogo.)
Mshahara: riali mia moja na ishirini.
Wangu ni tisini na tano.
Mashine ileile, mvuke uleule,
hata kovu la mkononi tulilipata wiki moja;
tofauti ni jalada la pasipoti.

Kwenye basi nikapiga hesabu.
Riali ishirini na tano, chai ya karaki baisa mia:
vikombe mia mbili na hamsini kila mwezi.
Ndipo nikakumbuka kwamba kila Alhamisi
yeye ndiye aliyelipa chai,
na chapati iliyojazwa krispi,
na nikipeleka mkono mfukoni anaupiga kofi: mimi, mimi.
Nilidhani ni ukarimu.
Kumbe alikuwa akilipa deni asilokopa.

Mstari wa chini niliusoma tukishakaribia hospitali.
Makato, siku tisa: thelathini na sita.
Atakachopokea: themanini na nne.

Basi mwezi huu mimi ndimi tajiri.

Lakini siku hizo tisa zilifanywa. Nilizifanya mimi.
Kwake zimekatwa, kwangu hazikuongezwa.
Riali thelathini na sita
zimepanda lifti.

Nilikuja na hasira yangu nzima, nimeibeba kama robota,
nikafika wodini sioni pa kuitua.
Alikuwa ameketi kitini, mrija mkononi,
amekonda hadi saa yake imeshuka kwenye kiganja.
Akatazama gundi. Akanitazama mimi.
Kiingereza chetu cha kazini kina maneno kama sitini,
na mengi ni majina ya madoa.
Hakuuliza. Sikusema.

Nesi akaja na shuka safi.
Nikashika pembe mbili bila kuambiwa.
Marivic naye akanyoosha mkono wake mmoja, ule usio na sindano,
akaidaka pembe ya tatu.
"Wacha," nikamwambia, "hii ni kazi ya mtu."
Hakuiachilia.
Tukavuta.
Ilikaa upogo, ya aina ambayo Bi Zuwena angeirudisha,
na nesi akatungoja, mikono mfukoni,
kama mtu anayelipwa kwa saa.